Jasho Halina Hatia: Kweli na Uongo Kuhusu Kikwapa

Dawa za kikwapa hazijawahi kuadimika. Muulize shangazi, atakuambia ndimu. Muulize kinyozi, atakutajia shabu. Fungua simu, utamkuta mtu anajipaka magadi mbele ya kamera huku akiapa kwamba hatanuka tena maishani. Nawe msomaji bila shaka una orodha yako, uliyoikusanya bwenini, saluni au barazani kwa bibi. Baadhi ya mambo hayo ni kweli tupu, na wazee waliyajua kabla ya maabara. Mengine yanachubua ngozi bure. Tumeyachukua yale yanayosikika sana, tukayapima moja baada ya jingine. Hukumu inatangulia, sababu zinafuata.

1. “Jasho linanuka”

SI KWELI. Tuanzie hapa, maana mengine yote yanasimama juu ya jambo hili. Ngozi ya binadamu ina tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Nyingi hutoa maji na chumvi kidogo ili kuupoza mwili. Hilo ndilo jasho linalomchuruzika mkulima shambani saa sita mchana, na linapotoka halina harufu. Tezi za aina ya pili ziko hasa kwapani, kinenani na kuzunguka chuchu. Hizi hulala utoto wote, huamka mtu anapobalehe, na hutoa ute mzito wenye mafuta na protini. Hata ute huo haunuki unapotoka.

Mwaka 1953, huko Marekani, daktari wa ngozi Walter Shelley na wenzake walikusanya jasho la kwapani kwa uangalifu ili lisichanganyike na vijidudu. Lilikaa bila kunuka. Lilipokutana na bakteria wa kwapani, harufu ikazuka. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walikieleza kimeng’enya ambacho bakteria aitwaye Staphylococcus hominis hukitumia kukamilisha kazi hiyo. Huutwaa ule ute usio na harufu na kuacha kemikali yenye salfa, ambayo pua huikamata hata ikiwa kidogo mno.

Kwa hiyo kila dawa utakayosikia, iulize maswali matatu. Je, inapunguza bakteria? Inawanyima chakula? Inawaharibia makazi? Ikishindwa yote matatu, hiyo si dawa ya kikwapa.

2. “Jasho hutoa sumu, na ukilizuia utapata saratani ya matiti”

SI KWELI. Kazi ya kuchuja na kuondoa sumu ni ya ini na figo. Jasho karibu lote ni maji na chumvi, na kazi yake kubwa ni kupoza mwili. Kizuia jasho unachopaka kwapani kinagusa sehemu ndogo tu ya ngozi, na mwili unaendelea kujipoza kwingineko.

Hofu ya saratani imesambaa sana, hivyo inastahili jibu kamili. Mwaka 2002 watafiti wa Seattle, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wanawake 813 waliougua saratani ya matiti na wengine 793 wasiougua. Waliwauliza kuhusu vizuia jasho, diodoranti na kunyoa kwapa. Hawakuona uhusiano wowote na ugonjwa huo. Anayehitaji tahadhari ni mwenye ugonjwa mkubwa wa figo: huyo amuulize daktari kabla ya kutumia bidhaa zenye alumini. Na ukigusa uvimbe kwapani au kwenye titi, usipoteze siku ukiilaumu diodoranti. Nenda ukapimwe.

3. “Ukioga mara mbili kwa siku, huwezi kunuka”

NUSU KWELI. Kuoga ndio msingi, ila namna ya kuoga inapita idadi. Maji matupu huondoa jasho na vumbi lakini huacha mafuta yaliyogandamana na ngozi, na kwenye mafuta hayo bakteria hubaki wakila. Sabuni ndiyo inayoyang’oa. Sugua kwapa, kinena na katikati ya vidole vya miguu, suuza vizuri, kisha jifute mpaka pakauke. Bakteria hupenda mahali penye joto na unyevu, na kwapa bichi ndani ya shati ni mwaliko kwao.

Wanaoishi penye shida ya maji wasikate tamaa. Makopo mawili ya maji yakitumika pamoja na sabuni kwenye sehemu hizo yanafaa kuliko ndoo nzima iliyomwagwa mwilini bila sabuni. Lakini ukitoka bafuni ukavaa tena shati la jana, umewarudisha bakteria uliotoka kuwafukuza.

4. “Kunyoa kwapa hupunguza harufu”

KWELI. Nywele za kwapani haziozi wala hazinuki zenyewe. Zinashika jasho, zinawapa bakteria mahali pengi pa kujishika, na zinaizuia sabuni isifike kwenye ngozi. Shelley alilipima hili pia: kwapa lililonyolewa na kuoshwa lilikaa bila harufu kwa muda mrefu kuliko lenye nywele.

Hapa wazee wanastahili heshima yao. Katika mafundisho ya Uislamu, kuondoa nywele za kwapa ni miongoni mwa mambo ya fitra, na zisiachwe zaidi ya siku 40. Watu wa pwani wamelifuata hilo kwa vizazi vingi bila kusubiri darubini. Si lazima kila mtu anyoe, na kuzipunguza kwa mkasi nako kunasaidia. Tumia wembe wako mwenyewe, mpya na mkali, kisha usipake kitu kikali papo hapo.

5. “Ndimu ndiyo dawa”

NUSU KWELI, na nusu ya pili ina hatari. Juisi ya ndimu au limau ni asidi, na bakteria wengi wa kwapani hawastawi penye asidi kali. Kwa saa chache harufu inaweza kupungua kweli, kwa hiyo shangazi hakutunga.

Shida ni kwamba ndimu ina kemikali ambazo zikikutana na mionzi ya jua juu ya ngozi huiunguza. Malengelenge hutokea, na madoa meusi yanayoachwa huchukua wiki au hata miezi kufifia. Kwapa lina kivuli, lakini juisi huchuruzika mkononi na ubavuni, na vidole ulivyotumia kukamulia vinatoka nawe kwenda juani. Ukiipaka baada ya kunyoa, utaungua zaidi. Ukiitumia, iwe usiku juu ya ngozi nzima isiyo na mchubuko, na uioshe yote kabla ya kutoka. Ushauri wetu ni kwamba uiache ndimu ibaki kwenye samaki, kwa sababu dawa inayofuata ni bora kuliko hiyo.

6. “Shabu inazuia kikwapa”

KWELI. Jiwe hili jeupe linalopitisha nuru, linalouzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya dawa za asili, ndilo lililotumika tangu zamani kutuliza damu baada ya kunyoa ndevu na kutuamisha tope kwenye maji. Kwa kemia ni chumvi ya alumini na potasiamu. Inakaza ngozi, inafanya mahali pawe pa asidi, na inapunguza bakteria. Inajibu swali letu la kwanza bila kusita.

Namna ya kuitumia ni rahisi. Oga, lowesha jiwe, pitisha kwapani mara kadhaa, acha pakauke, kisha vaa. Likaushe jiwe na uliweke pasipo na maji, la sivyo litayeyuka. Na kila mtu awe na lake.

Mambo mawili yasemwe wazi. Kwanza, shabu inapunguza harufu kuliko inavyopunguza jasho. Shati linaweza kuloa na bado lisinuke. Pili, muuzaji akikuambia kwamba shabu ni nzuri kwa sababu haina alumini, amekosea. Alumini imo. Shabu ni nzuri kwa sababu inafanya kazi.

7. “Magadi na bikaboneti huua harufu papo hapo”

NUSU KWELI kwa bikaboneti, na kwa magadi tunasema USITHUBUTU. Bikaboneti hutuliza baadhi ya kemikali zinazonuka, ndiyo maana watu huiona inasaidia siku za mwanzo. Lakini ngozi yenye afya ina asidi kidogo, na asidi hiyo ni kinga yake. Bikaboneti huiondoa. Baada ya siku kadhaa wengi huanza kuwashwa, kupata wekundu au weusi, na ngozi kumenyeka. Magadi ni makali zaidi mara nyingi. Yanalainisha maharage, na ngozi ya kwapa ni laini kuliko ganda la haragwe.

8. “Kizuia jasho hupakwa asubuhi ukitoka kuoga”

SI KWELI, na kosa hili ndilo linalowafanya wengi waseme dawa za dukani ni bure. Kuna bidhaa za aina mbili. Diodoranti hupunguza bakteria na kuongeza manukato, na unaweza kuipaka wakati wowote juu ya kwapa safi. Kizuia jasho kina chumvi za alumini ambazo huingia kwenye mdomo wa tezi na kuuziba kwa muda. Bidhaa nyingi huunganisha kazi zote mbili, hivyo soma maandishi kwenye chupa.

Alumini inahitaji ngozi kavu na muda wa kutulia. Asubuhi, ukiwa na joto la maji ya kuoga na haraka ya kuwahi gari, jasho huisukuma nje kabla haijashika. Usiku tezi zimepoa. Paka kwapa likiwa limekauka kabisa unapokwenda kulala, kisha oga asubuhi kama kawaida. Kazi itakuwa imeshafanyika, na maji hayataifuta.

9. “Udi na marashi huondoa kikwapa”

SI KWELI, na wenye mila hiyo hawakuwahi kuitumia hivyo. Harufu nzuri haiondoi harufu mbaya. Huzipata zote mbili kwa pamoja, na mara nyingi mchanganyiko wake ni mbaya kuliko kikwapa peke yake. Wewe uliyewahi kupanda daladala ya jioni unajua.

Tazama utaratibu wa nyumba za Unguja, Mombasa au Lamu. Mtu anaoga kwanza. Bibi harusi anasuguliwa singo mpaka ngozi inang’aa. Nguo zinafuliwa, zinaanikwa, zinakauka, na hapo ndipo chetezo kinapowashwa na udi kufukizwa. Asumini na kikuba hufuata mwisho. Usafi unatangulia na manukato yanakuja kuupamba. Anayeruka hatua ya kwanza akakimbilia ya mwisho hajafuata mila, ameikata vipande. Ukipenda pafyumu, ipulize kwenye mwili uliooshwa na nguo iliyofuliwa, na kiasi kidogo kitakutosha.

10. “Kuna nguo zinazonuka hata baada ya kufuliwa”

KWELI. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliwapa watu 26 fulana za pamba na za poliesta wakaendeshe baiskeli za mazoezi kwa saa nzima. Fulana zikahifadhiwa mpaka siku iliyofuata, kisha wanusaji wenye mafunzo wakazinusa. Za poliesta zilinuka vibaya zaidi. Sababu iko kwenye nyuzi. Pamba hunywa jasho na kulificha ndani yake, ilhali poliesta hailinywi. Mafuta ya ngozi hung’ang’ania juu yake, na bakteria wa aina ya Micrococcus hustawi humo hata kama kwapani ni wachache.

Sasa hesabu poliesta uliyo nayo kabatini: jezi ya mpira, sare ya shule, mabaibui mengi, na mashati yasiyohitaji pasi. Nguo ikipata joto la pasi tu, harufu uliyodhani imetoka inafufuka. Mwili ni msafi, nguo ndiyo yenye wenyeji.

Zigeuze nguo hizo nje ndani, ziloweke kwenye maji ya sabuni kwa nusu saa au zaidi, kisha sugua sehemu ya kwapa kwa mkono. Ikiwa harufu imekaa sana, iloweke tena kwenye maji yenye siki kidogo na uisuuze. Anika juani mpaka ikauke kabisa. Nguo iliyokunjwa ikiwa na unyevu huzalisha bakteria upya kabatini. Siku za joto kali, au unapojua utasimama saa nyingi, vaa pamba. Kanga na kanzu nyepesi ya pamba zilichaguliwa na watu walioijua hali ya hewa yao.

11. “Ukila kitunguu saumu, jasho lako linanuka”

NUSU KWELI. Kwa pumzi, hapana ubishi: salfa ya kitunguu saumu huingia kwenye damu na kutokea mapafuni kwa saa nyingi, na mswaki hauwezi kuifikia. Kwa kwapa, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na wanasayansi wa Ucheki na Uskoti uliwashangaza wengi. Wanaume 42 walishiriki. Walipokula gramu 12 za kitunguu saumu kibichi, takriban punje nne, harufu ya kwapa zao ilionekana nzuri zaidi kwa wanawake walioinusa.

Uwatu nao hubadilisha harufu waziwazi. Una kemikali inayopita mwilini na kulifanya jasho na mkojo vinukie sukari iliyoungua. Haina madhara. Hata hivyo mama anayekunywa uwatu baada ya kujifungua amweleze mkunga au daktari, kwa sababu upo ugonjwa wa kurithi wa watoto wachanga wenye harufu hiyohiyo, na daktari asiyejua habari ya uwatu anaweza kushtuka bure.

12. “Mbu hupenda miguu inayonuka”

KWELI, na ushahidi wake umekusanywa kwa sehemu nchini Tanzania. Mtafiti Mholanzi Bart Knols aliona kwamba Anopheles gambiae, mmoja wa mbu wakuu wa malaria kwetu, hulenga sana miguu na vifundo. Aligundua pia kwamba mbu huyo huvutwa na jibini ya Limburger, ambayo hutengenezwa kwa bakteria walio ndugu wa wale wa miguuni. Mwaka 2006 yeye na mwenzake Ruurd de Jong walipewa tuzo ya utani ya Ig Nobel kwa kazi hiyo. Mwaka 2010 Fredros Okumu na wenzake wa Taasisi ya Afya Ifakara wakachapisha habari za mchanganyiko wa harufu uliotengenezwa kwa kuiga mwili wa binadamu. Ulivuta mbu wengi kuliko mtu aliyekuwa kwenye kibanda kingine.

Osha miguu kwa sabuni kila siku, kausha katikati ya vidole, badilisha soksi, na jozi mbili za viatu zipokezane zamu ili kila moja ipate siku ya kukauka. Chandarua kibaki palepale. Miguu safi haichukui nafasi yake.

13. “Anayenuka ni mchafu, na anajijua”

SI KWELI, mara mbili. Pua huizoea harufu inayokaa nayo muda wote na kuacha kuitaarifu akili. Mwenye kikwapa mara nyingi ndiye wa mwisho kujua, kama vile ambavyo wewe huinusi nyumba yako mpaka utoke safari. Kijana wa darasa la sita au la saba ndiye anayeumia zaidi. Tezi zake zimeamka mwaka huu, na hakuna aliyemwambia kwamba kuoga kwa kitoto hakumtoshi tena.

Kisha kuna maumbile. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha kwamba jeni moja, ABCC11, ndiyo inayoamua kama nta ya masikio itakuwa mbichi au kavu. Jeni hiyohiyo hutawala sehemu ya ute wa kwapani. Watu wengi wa Japani, Korea na China wana aina inayokausha nta na kupunguza sana kikwapa. Afrika karibu sote tuna nta mbichi. Aliyezaliwa bila harufu hana sifa ya usafi kwa hilo, na aliyezaliwa nayo hana aibu ya kubeba.

Wapo pia wagonjwa. Kuna hali adimu ya kurithi ambayo mwili hushindwa kuvunja kemikali ya trimethilamini, na mtu akanuka samaki aliyeoza hata aoge mara kumi. Harufu ikibadilika ghafla, jasho likimwagika usiku bila sababu, au msichana wa chini ya miaka 8 au mvulana wa chini ya miaka 9 akianza kutoa kikwapa cha mtu mzima, kamwone daktari.

Kwa hiyo ukimsikia mwenzako ananuka, usimzungumzie kwa wengine na usimwachie diodoranti mezani kama fumbo. Mwite pembeni, mtu na mtu, umwambie kwa upole kile ambacho pua yake haiwezi kumwambia. Ikiwa ni mwanao, mnunulie sabuni na shabu yake, umfundishe mambo haya kabla wanafunzi wenzake hawajampa jina la utani. Bakteria wanaondoka kwa sabuni, wembe, shabu na jua. Hakuna aliyewahi kuponywa kikwapa kwa kuchekwa.